Kutoka Gairo hadi Dhati Welel: Panya Shamba na Virusi Vyake

Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuwa akisaka tembo katika nchi ya Meru, wenzake wawili wa msafara walikuwa na windo dogo zaidi. Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani, na J. Alden Loring walitega mitego ya panya kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Kila mnyama aliyenaswa alipimwa mwili, mkia na unyayo wa nyuma, kisha akachunwa. Ngozi ilijazwa pamba, fuvu likasafishwa, na kikaratasi chenye jina la mahali na tarehe kikafungwa mguuni. Msafara uliporejea, Jumba la Makumbusho la Smithsonian mjini Washington lilipokea takriban mamalia 5,000, wakiwemo wengi walioweza kukaa kiganjani.

Utawala wa kikoloni ulikuwa bado mchanga huko. Embu ilitekwa na Waingereza kwa bunduki mwaka 1906. Boma la Meru lilianzishwa mwaka 1908 na Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Miaka kumi kabla ya Roosevelt, Halford Mackinder aliupanda mlima huo hadi kilele cha Batian akarudi Uingereza na wanyama wake, na kutokana nao Oldfield Thomas wa makumbusho ya London alieleza aina mpya ya panya wa nyasi za milimani, Otomys orestes. Hawa wote walikusanya ngozi na mifupa. Damu ilimwagwa. Hilo si kosa lao, kwa kuwa ilikuwa mwaka 1901 tu ndipo ilipothibitishwa kwamba homa ya manjano huletwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kinachopenya hata kwenye chujio la maabara. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba panya anaweza kubeba kirusi maisha yake yote au kwa wiki chache, asiugue, na kumwachia mwanadamu ugonjwa.

Mnyama anayebeba sehemu kubwa ya historia hii ni mmoja: panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo la kijivu, mkia unakaribiana na mwili kwa urefu. Jike ana safu mbili za chuchu ambazo huweza kufika 24, na uzao mmoja huweza kuwa na watoto zaidi ya kumi. Panya huyu hana haja na msitu mnene. Anapenda shamba lililolimwa, konde lililoachwa lipumzike, kingo za njia, na mahindi yakishavunwa huyafuata ghalani. Anaishi karibu kila pahali kusini mwa Sahara, kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, na hakuna panya mwingine wa Afrika aliyeenea namna hiyo.

Kwa mnyama wa aina hii, karne ya ishirini ilikuwa ya neema katika Meru na Embu. Misitu ya chini ya mlima ilifyekwa kwa ajili ya mashamba. Mahindi yalichukua nafasi ya mtama na uwele, ambavyo hata hivyo viliendelea kulimwa Mbeere na Tharaka kwa kuwa huko mvua ni chache. Wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwalazimisha maelfu ya watu wa Embu na Meru kuhama kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuishi katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, mashamba yakaunganishwa na kupimwa, na kahawa ikaruhusiwa kwa Waafrika wengi zaidi. Ghala, jiko na shamba vikakaribiana. Mwaka 1962, baada ya ukame na kisha mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 1961, wakulima wa nafaka nchini Kenya walivamiwa na panya kwa wingi usio wa kawaida. Mtaalamu K. D. Taylor aliandika habari za uvamizi huo katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Shida aliyoieleza ilikuwa ya mavuno yaliyoliwa, kwa maana panya alihesabiwa kuwa mwizi wa nafaka, basi.

Hesabu hiyo ilibadilika kutokana na kijiji kimoja cha kaskazini mashariki mwa Nigeria. Januari 1969, muuguzi Laura Wine aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Lassa aliugua homa, akapelekwa Jos kwa ndege, akafa. Charlotte Shaw, muuguzi aliyemhudumia, akafa mwezi uliofuata. Penny Pinneo, aliyewauguza wote wawili, naye akaugua akasafirishwa hadi New York, na akapona. Sampuli zilipelekwa Chuo Kikuu cha Yale, ambako mtaalamu wa virusi Jordi Casals aliambukizwa maabarani na kuokolewa kwa maji ya damu ya Pinneo, yaliyokuwa na kinga. Fundi wa maabara, Juan Roman, hakubahatika. Kirusi kikapewa jina la kijiji.

Kilitoka wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1972 nchini Sierra Leone, watafiti walipowakamata panya ndani ya nyumba za wagonjwa na kukitoa kirusi cha Lassa mwilini mwa Mastomys. Panya aliyeambukizwa hukitoa kwa mkojo, na mtu hukipata kwa chakula, vumbi au kwa kumshika na kumla panya mwenyewe. Makadirio yanayonukuliwa tangu hapo ni kati ya maambukizi 100,000 na 300,000 kwa mwaka katika Afrika Magharibi, na vifo takriban 5,000.

Habari hizo ziliacha swali zito upande huu wa bara. Panya wa Sierra Leone ndiye panya wa Embu, na wa Morogoro nchini Tanzania, na wa Mopeia nchini Msumbiji. Mbona Lassa huishia magharibi?

Kwanza ilibidi kuhakikisha kwamba ni panya yuleyule. Jamii ya Mastomys ina aina kadhaa ambazo macho hayawezi kuzitenganisha, hata mtegaji mzoefu akizishika mkononi. Kromosomu ndizo zilizoanza kuleta mwanga: Mastomys natalensis ana kromosomu 32, ndugu yake Mastomys erythroleucus, anayepatikana pia Kenya, ana 38, na Mastomys coucha wa kusini ana 36. Kazi nyingi za zamani zilizoandika tu “Mastomys” zilipoteza thamani yake kwa sababu hiyo. Hapa ndipo ngozi na mafuvu ya akina Loring yanapopata maana mpya, kwani kipande cha ngozi kavu huweza kutoa DNA ya mnyama hata baada ya miaka mia moja.

Kisha mwaka 1977 kirusi ndugu wa Lassa kilipatikana katika panya shamba wa Msumbiji, kikaitwa Mopeia. Kwa mwonekano na kwa kinga kinayozalisha kilifanana sana na Lassa. Lakini hakuna mtu aliyejulikana kuugua kwa sababu yake, na nyani wa maabara waliochomwa Mopeia walistahimili Lassa walipoletewa baadaye. Kwa hiyo panya wa mashariki hakuwa mtupu. Alikuwa na kirusi chake.

Mahali ambapo jambo hili lilichunguzwa kwa subira kuliko pengine pote Afrika Mashariki ni Morogoro. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji vilishirikiana kuanzia miaka ya 1980, na majina kama Robert Machang’u, Rhodes Makundi, Apia Massawe na Herwig Leirs yakawa ya kudumu katika elimu ya panya. Tangu 1994, katika eneo moja la hekta tatu, mitego 300 imekuwa ikiwekwa kila mwezi kwa usiku tatu mfululizo, mita kumi kati ya mmoja na mwingine. Mtego wenyewe ni kisanduku cha bati jepesi la alumini, chenye mlango unaofyatuka mnyama akikanyaga kibao cha ndani. Chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Asubuhi, kabla jua halijapasha bati moto na kumuua aliyemo, mfanyakazi hupita safu kwa safu. Mlango uliofungwa hufunguliwa juu ya mfuko wa kitambaa, panya huteremka humo, hupimwa uzito kwa mizani ya kuning’iniza, jinsia na hali ya uzazi huandikwa, hupewa namba, na tone la damu yake hudondoshewa karatasi ya kuchujia na kuachwa likauke. Kisha huachiliwa palepale alipokamatwa, na pengine mwezi ujao atanaswa tena.

Kazi hiyo ya kujirudia ndiyo iliyoonyesha jinsi mvua inavyotawala idadi ya panya. Vuli ikinyesha vizuri, majike huanza kuzaa mapema, na watoto wao huwahi kuzaa pia, hivyo kabla ya mavuno konde lililokuwa na makumi ya panya kwa hekta huwa na mamia. Mwaka 1997 hesabu hizo zilichapishwa katika jarida la Nature. Wakulima wa Mbeere, ambao hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko za masika, wataelewa mantiki yake bila kuonyeshwa fomyula.

Na tone lile la damu kavu lilikuwa na habari nyingine. Mwaka 2009 kundi la Stephan Günther wa Taasisi ya Bernhard Nocht ya Hamburg, pamoja na watafiti wa Sokoine na Antwerp, lilitangaza kirusi kipya katika panya shamba wa Morogoro, kikapewa jina la mji. Mwaka uliofuata Joëlle Goüy de Bellocq na wenzake wakaonyesha kwamba katika eneo hilohilo kuna virusi vitatu tofauti vya jamii ya arena, ambayo ndiyo jamii ya Lassa, kila kimoja na mwenyeji wake: kimoja kwa panya shamba, kingine kwa kipanya kidogo cha jamii ya Mus, cha tatu kwa panya mwenye milia, Lemniscomys. Wanyama hao hula karibu karibu na kupitia nyasi zilezile. Hata hivyo virusi vyao havikuchanganyika.

Namna wanavyolijua hilo inafaa kuelezwa, maana ndiyo uti wa mgongo wa mambo yote yanayofuata. Virusi hivi hutunza urithi wao katika RNA, na vinapojinakili hukosea mara kwa mara bila kusahihisha. Ni kama barua inayonakiliwa kwa mkono kijiji hadi kijiji: kosa la kijiji cha tatu hurithiwa na cha nne na cha tano, na atakayekusanya nakala zote ataweza kusema ipi ilitokana na ipi, hata kama hakuwepo. Maabara husoma mfuatano wa herufi za jeni, huzilinganisha, na kuchora mti wa ukoo. Panya naye ana mti wake, unaosomwa mara nyingi kutoka jeni moja la mitokondria lenye herufi 1,140. Miti hiyo miwili ikiwekwa bega kwa bega, historia ya mnyama na ya kirusi huanza kuonekana.

Mti wa panya ulichorwa mwaka 2013 na Paolo Colangelo na wenzake kwa sampuli kutoka bara zima. Ulileta koo sita. Ukoo wa A-I ni wa magharibi, ndiko Lassa iliko. A-II uko kati ya magharibi na katikati. A-III ni wa upande wa Ethiopia, Uganda na Kenya. Koo tatu za B ziko Tanzania na kusini yake. Ukavu na unyevu wa zama zilizopita, mabonde, mito na ukanda wa ufa vilizigawa koo hizi kwa muda mrefu kabla ya shamba la kwanza la mahindi.

Mwaka 2015 likaja jina jingine: Gairo, kirusi cha panya shamba wa katikati ya Tanzania, kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma. Kutoka Morogoro hadi Gairo ni safari ya saa chache kwa basi, na panya kwa macho ni yuleyule, ila kirusi ni kingine kabisa. Sophie Gryseels na wenzake walikwenda kutafuta mpaka. Walitega mitego kwenye ukanda ambako ukoo wa B-IV na ukoo wa B-V hukutana na hata kuzaliana, wakasoma jeni za panya na za virusi. Matokeo waliyochapisha 2017 yalikuwa ya kushangaza kwa uwazi wake: Gairo ilibaki kwa B-IV na Morogoro ikabaki kwa B-V, ingawa panya wenyewe walikuwa jirani na wengine walikuwa na damu ya pande zote mbili. Hapakuwa na mlima wala mto wa kuvizuia. Kizuizi kilikuwa ndani ya panya.

Hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyopatikana kuhusu virusi vya panya Afrika Mashariki, na halijafika masikioni mwa watu inavyostahili. Hofu ya kwamba Lassa itatembea kutoka panya hadi panya mpaka Meru inategemea wazo kwamba panya shamba ni mmoja. Panya shamba ni koo, na kila ukoo una mlango wake.

Hata magharibi kwenyewe kirusi hakikwenda kasi. Mwaka 2015 Kristian Andersen na wenzake, baada ya kusoma karibu jenomu 200 za Lassa, walikadiria kwamba kirusi hicho kilizuka katika nchi inayoitwa leo Nigeria zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kuanza kutoka huko kuelekea magharibi kama miaka 400 tu iliyopita. Na mwaka 2018, wagonjwa wa Lassa walipoongezeka ghafla Nigeria, watu wengi waliogopa kwamba kirusi kimebadilika na sasa kinaenea kati ya binadamu. Katika hospitali ya Irrua, jenomu zilisomwa kwa mashine ndogo ya kushikika mkononi wakati mlipuko ukiendelea. Virusi vya wagonjwa vilitofautiana kiasi cha kuonyesha kwamba wengi wao waliambukizwa na panya, kila mtu kwa wakati wake na mahali pake. Nguvu zikaelekezwa majumbani na kwenye chakula.

Ni vyema kuweka kando ya hayo kirusi chenye tabia tofauti. Mpox hubeba jina la zamani la nyani, lakini mwaka 1985, katika Zaire ya wakati huo, kilitolewa mwilini mwa kuchakuro wa msituni wa jamii ya Funisciurus, na wanyama wagugunaji ndio wanaoshukiwa zaidi kuwa makao yake. Septemba 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini, tawi jipya lililoitwa Ib lilianza kupita kati ya watu. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyegunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta, na Agosti 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Herufi za jenomu zilikuwa na aina ya makosa ambayo kinga ya mwili wa binadamu huyaacha ndani ya kirusi, na kwa wingi wa makosa hayo wataalamu walijua kwamba kirusi kilikuwa kimepita miili mingi ya watu tangu kiachane na mnyama. Kirusi hicho hakikuhitaji tena panya, kilisafiri kwa malori na mabasi. Bila kusoma jeni, Gairo na mpox vingeingizwa katika kapu moja la “magonjwa ya panya”, na tahadhari ya kimoja ingepotezwa kwa kingine.

Ukoo wa A-III, ule wa upande wa Kenya, ulikaa kwa miaka bila kirusi chake kujulikana. Mwaka 2020 Goüy de Bellocq na wenzake walikitangaza: Dhati Welel, kutoka hifadhi ya taifa yenye jina hilo magharibi mwa Ethiopia. Katika kichwa cha makala yao walikiita kirusi kilichokuwa kimekosekana. Mwaka mmoja kabla yake, Kenya nayo ilikuwa imechapisha kazi yake. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akiwemo mtaalamu wa mamalia Bernard Agwanda, wakishirikiana na wenzao wa Wuhan, walieleza virusi vipya vya RNA katika panya na virukanjia, wa porini na wa majumbani. Uwanja ni mpana: orodha ya mamalia wa Kenya iliyoongozwa na Simon Musila mwaka 2019 ina aina 390, na 106 kati yao ni wagugunaji, wengi kuliko popo.

Ukitazama ramani, Dhati Welel iko digrii tisa hivi kaskazini mwa Ikweta na Gairo digrii sita kusini. Ikweta yenyewe hupita kando ya mji wa Meru. Nchi ya Meru na Embu imekaa kati ya kirusi cha Ethiopia na kirusi cha Tanzania, kati ya koo za A na koo za B, na kwenye mteremko mmoja unaweza kushuka kutoka Otomys wa Mackinder aliye juu ya msitu hadi panya shamba wa Siakago na Ishiara, huko Mbeere, kwa siku moja. Kwa mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Embu au cha Meru, hii ni kazi iliyo mlangoni. Haihitaji msafara wa rais mstaafu. Mitego ya alumini, karatasi za kuchujia na mashine ya kusoma jeni zitatosha kuanza.

Wakati huo mkulima naye ana shughuli zake. Nchini Guinea, watafiti walijaribu kwa miaka minne kuwaua panya kwa sumu ndani ya nyumba za vijiji vyenye Lassa. Idadi ilishuka kila mara sumu ilipowekwa, kisha panya wakarudi kutoka mashambani kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa chakula kilikuwa bado kimo ndani. Embu ilikuwa miongoni mwa maeneo ambako shirika la utafiti wa mahindi, CIMMYT, lilisambaza mapipa ya chuma yaliyotengenezwa na mafundi wa papo hapo, yakafungwa kwa mpira mdomoni ili dumuzi akose hewa afe. Yalibuniwa kwa ajili ya wadudu. Lakini panya shamba hawezi kuguguna bati, na mahindi yaliyofungwa humo hayapati mkojo wake.